Juu ya Mita Elfu Hakuna Bwana

Hinterlahn, 9 Oktoba 2012

Mwanangu Burgi,

Mungu akusalimu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Vienna, unakula vizuri na unalala vya kutosha. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Ng'ombe wa Serafin walishuka kutoka malishoni Jumamosi, wakiwa na maua vichwani kama kila mwaka, na yule mweusi akala maua ya mwenzake njiani.

Najua ungependa nipige simu. Kwenye simu unasema "ndiyo Baba, ndiyo Baba" huku nasikia unachapa kitu. Barua mtu hawezi kuisikiliza nusu.

Nina swali la kazi yako. Juzi baraza la kijiji lilikaa kwenye nyumba ya wageni ya Serafin kuzungumzia lifti yetu ya kuwavuta mlimani watu wanaoteleza kwa skii. Unajua ilivyo: kamba moja, nguzo tisa, dakika nne kutoka chini hadi juu. Mimi na wenzangu watatu tuliijenga mwaka 1974, na waliobaki hai ni mimi na Serafin. Baraza limetupa majira mawili ya baridi. Tukileta watu, tunaendelea. Tukishindwa, kamba inashushwa.

Basi ikawa: tumwite nani? Serafin akasema, "Tuwaite matajiri. Tajiri akija mlimani anakunywa mpaka meza inaomba msamaha."

Mwenyekiti Gerlinde akamjibu, "Kwako watakunywa, ndiyo. Kwenye lifti watafanya nini? Mlima wetu wataumaliza kabla sigara haijaisha."

"Basi mabingwa wa skii."

"Bingwa gani? Huyo mlima wetu ataudhani ni ngazi ya duka."

"Basi Waholanzi."

"Waholanzi wanakuja na viazi vyao kwenye gari!"

Nikanyoosha mkono. Serafin akasema, "Mwalimu, shusha mkono, umestaafu, hatuko darasani." Watu wakacheka sana, na hoja yangu ikafia hapo.

Sasa nakuuliza wewe ambaye kazi yako ni kuwatafutia watu wateja: mlima mdogo kama wetu umtangazie nani? Nijibu kwa utaratibu, usiniharakishie.

Baba yako

*

Vienna, 22 Oktoba 2012

Baba mpendwa,

Mungu akusalimu nawe, na goti lako pia. Mimi ni mzima. Nakula. Kulala, tuseme najaribu.

Nilicheka peke yangu kwenye tramu niliposoma habari za viazi, mama mmoja akahama kiti.

Nakujibu kama ninavyowajibu wanaotulipa. Vituo vya skii vina wateja wa aina tatu. Wa kwanza ni mtu anayeteleza vizuri. Yeye anataka milima mirefu na theluji ya uhakika, na nyinyi hamna. Wa pili ni mwenye pesa, ambaye nusu ya siku hatelezi kabisa: anataka bwawa la maji ya moto, chakula kizuri, na kupigwa picha. Hamna hivyo pia, samahani. Wa tatu ni familia na wanaoanza. Kampuni nyingi huwapuuza kwa sababu wanaoanza wengi wanakuja mara moja, wanaanguka, wanaumia, hawarudi tena. Ni kama kumimina maji kwenye chujio.

Lakini kuna kitu sijawahi kukielewa, na nimekua humo humo. Kwenu wanarudi. Kila majira ya baridi nyumba ya Serafin inajaa watu wale wale, na watoto wao, na wajukuu. Kwa nini? Hebu nieleze, Baba, kwa taratibu zako zote. Mara hii sitachapa kitu.

Krismasi nakuja. Uniwekee kitanda cha dirishani.

Binti yako Burgi

*

Hinterlahn, 4 Novemba 2012

Mwanangu Burgi,

Mungu akusalimu. Sisi huku tu wazima. Theluji bado, na mvua inanyesha pale inapopaswa kuwa nyeupe. Umeniuliza kwa utaratibu nami nitakujibu kwa utaratibu, kwa hiyo tafuta kiti.

Anayeteleza vizuri anaipenda theluji. Asubuhi anatazama ni wapi imeanguka zaidi, na kesho yuko kwa jirani. Huwezi kumlaumu, hakuja kwako. Mwenye pesa anapenda kuonekana, na hapa ataonwa na nani, ng'ombe? Lakini anayeogopa, Burgi, anampenda mtu aliyemwinua alipoanguka mara ya kwanza. Huyo hasahau. Mlima wetu umwite anayeogopa. Kwingine kote wanamcheka au wanamwacha kwenye benchi.

Nitakupa mfano. Mwaka 1989, nawe ulikuwa na miaka saba, alikuja mama mmoja kutoka Rotterdam. Mumewe aliondoka asubuhi kwenda milima mikubwa, akamwacha chini ya lifti na mtoto wa miaka minne. Nikamkuta kwenye benchi amevaa buti za skii, la kulia mguu wa kushoto, analia bila sauti ili mtoto asijue. Aliponiona akasema, "Samahani, Bwana Fessler, nitaondoka sasa hivi."

Nikamwambia, "Umepanda mpaka hapa? Basi umepita kibao. Juu ya mita elfu hakuna Bwana wala Bibi. Mimi Gebhard. Wewe nani?"

Akasema, "Mieke."

Wewe umezaliwa na desturi hiyo, hujui inavyomfanya mgeni. Chini kule yeye ni Bibi fulani, mke wa fulani, anatakiwa kujua mambo. Hapa juu kila mtu anaitwa jina lake la kwanza, daktari na mchunga ng'ombe, na mtu wa jina la kwanza anaruhusiwa kuanguka. Kile kibao kwenye kona ya barabara nilikipaka rangi mwenyewe kwa sababu hiyo: "Mita 1,000. Kuanzia hapa, majina tu."

Nilitaka kumfundisha papo hapo. Mama yako akanivuta sikio. Akasema, "Gebhard, wewe unaeleza mno. Anayeogopa haelezwi, anashikwa mkono." Akamwingiza kwenye kibanda cha lifti, akampa supu yake ya madonge ya jibini, wakaongea habari za watoto. Somo likaanza kesho yake, na aliyefundisha ni mama yako. Tangu siku hiyo wanawake walifundishwa na mwanamke, siku ya kwanza ikawa bure, na supu ikaja kabla ya skii.

Mieke alianguka mara kumi na tisa. Najua kwa sababu niliandika. Unalikumbuka lile daftari la jalada la kijani kibandani, lenye jina la kila aliyeanza hapa, tarehe, na mara alizoanguka? Watu wanapiga simu kutoka mbali kuniuliza, "Gebhard, mimi zilikuwa ngapi?" Mwaka jana Mieke alimleta mjukuu wake, nikamwonyesha ukurasa wa bibi yake. Yule mtoto alianguka kwa furaha siku nzima ili avunje rekodi.

Ndiyo hivyo. Hakuna siri nyingine. Kitanda cha dirishani kiko tayari.

Baba yako

*

Vienna, 20 Novemba 2012

Baba mpendwa,

Mungu akusalimu. Mimi mzima, na mwenye aibu kidogo, utaona kwa nini.

Barua yako niliipeleka kazini. Tulikuwa kwenye kikao, watu wanabishana kuhusu picha ya mtu anayeruka jabali, nikasema ngoja niwasomee kitu. Nikasoma yote, toka benchi mpaka rekodi ya mjukuu. Baba, watu kumi na wawili waliacha kubishana. Mkuu wangu alivua miwani. Akasema, "Huyu mzee anajua kitu ambacho sisi tunakitafuta kwa miaka kumi."

Nilijivuna kama nimeandika mimi.

Aibu yangu ni hii: Krismasi siji. Kuna kazi ambayo haiachiki. Februari, naahidi.

Binti yako Burgi

*

Hinterlahn, 8 Januari 2013

Mwanangu Burgi,

Mungu akusalimu katika mwaka huu mpya. Mkate wa matunda niliokutumia natumaini ulifika kabla haujawa jiwe. Mimi mzima.

Habari ya kusomwa kwa barua yangu Vienna nilimwambia Serafin tu, kwa siri. Kufikia jioni padri alikuwa ananipongeza. Sasa wananiita Profesa. Gerlinde amesema, "Profesa, lifti imekwama, njoo uieleze."

Majira haya yanaenda vizuri kuliko tulivyotumaini. Theluji ilikuja tarehe 19 Desemba. Familia arobaini na moja zimesema zitarudi mwakani, na Mieke anawaleta jirani zake wanaoogopa zaidi yake. Baraza limeridhika. Imebaki mwaka mmoja wa kuwaonyesha.

Wenzako wakitaka kujua zaidi, waulize tu. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minane hachoki kuulizwa. Na waambie jambo ambalo nililisahau: mtu akianguka, usikimbilie kumwinua. Hesabu mpaka tano kwanza. Wengine wanataka kujiinua wenyewe, na hao ukiwagusa wanakasirika. Wewe ulikuwa hivyo.

Baba yako

*

Vienna, 14 Juni 2013

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya hiki, na kwa Februari. Mimi mzima, nimechoka tu. Tumepata kazi kubwa, kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na wamenifanya kiongozi wake. Nitakuja kukueleza ana kwa ana. Si jambo la barua.

Goti je?

Burgi

*

Hinterlahn, 2 Novemba 2013

Mwanangu Burgi,

Mungu akusalimu. Nimetoka makaburini sasa hivi, nimemwashia mama yako mshumaa wako na wangu. Ulisema utakuja kunieleza, nikakungoja majira yote ya joto, lakini si hilo ninaloandikia. Naandika kwa haraka, nawe unajua haraka si tabia yangu. Nina wasiwasi juu yako.

Jumanne nilishuka Unterau kumwona shangazi yako Hedwig. Nikiwa kituo cha treni nikaona bango refu kama nyumba. Mwanamke ameketi kwenye theluji, anacheka, mtoto wake amesimama kando. Juu yake imeandikwa: JUU YA MITA ELFU HAKUNA BWANA. Chini yake jina la Gamskopf, wale wa upande wa pili wa mlima, wenye lifti thelathini na mashine za kutengeneza theluji.

Nikafikiri ni bahati tu, kwani desturi si yangu peke yangu, ni ya milima yote. Nikaingia ndani nikachukua kijitabu chao. Burgi, yote yamo. Siku ya kwanza bure kwa anayeogopa. Wanawake wafundishwe na wanawake. Supu kabla ya skii. Wana kibao. Wana daftari, la jalada la kijani, wanaloandika mara ulizoanguka. Hata kuhesabu mpaka tano wameandika.

Nilikaa kwenye benchi la kituo mpaka treni mbili zikapita.

Nimewaza kwa utulivu na naona jibu ni moja. Mtu wa ofisini kwenu, mmoja wa wale kumi na wawili, ameiba barua zangu na kuwauzia. Sikulaumu kwa kuzisoma, ulifanya kwa kujivunia baba yako. Lakini jihadhari, mwanangu. Mtu anayeweza kuiba barua ya mzee anaweza kukuibia na wewe. Watazame mmoja mmoja. Huyo aliyevua miwani je?

Niandikie upesi kama uko salama.

Baba yako

*

Vienna, 11 Novemba 2013

Baba,

Mungu akusalimu. Nimeanza barua hii mara sita.

Hakuna mwizi ofisini. Ni mimi.

Gamskopf walikuja kwetu Machi. Waliuliza swali lile lile ulilouliza wewe: tumwite nani? Mkuu wangu akanigeukia mbele yao akasema, "Burgi ana jibu." Ningeweza kusema hapana. Nilihesabu mpaka tano, kisha nikasema ndiyo. Ile ndiyo kazi kubwa.

Usifikiri sikuwa na sababu. Hinterlahn iko mita 1,140. Umeniandikia mwenyewe kwamba mvua inanyesha panapopaswa kuwa nyeupe. Miaka kumi ijayo hapatakuwa na theluji ya kuangukia. Nilijiambia kwamba lifti itakufa kwa vyovyote, na maneno yako yatakufa nayo, na afadhali yaishi kwenye mlima wenye theluji kuliko kuzikwa na nguzo tisa. Niliamini hivyo. Mchana niliamini.

Wamekubali pia, kwa kuwa niliwaomba, wakualike uwe mwalimu wao wa heshima. Watakuletea gari.

Nilikusudia kukuambia Juni. Kisha Agosti. Ulipoandika kwamba nijihadhari, kwamba una wasiwasi juu yangu, nililala na barua ile usoni.

Nipigie simu nikutukane, sivyo, wewe unitukane mimi, hata naandika makosa. Nipigie tu.

Binti yako

*

Vienna, 23 Desemba 2013

Baba mpendwa,

Mungu akusalimu. Natumaini u mzima. Sijapata jibu, nimeandika tena kwa kuogopa kwamba ile ya kwanza ilipotea.

Nimetuma soksi za sufu kwa ajili ya goti. Dukani waliniambia ni za viwiko lakini zinanyooka.

Burgi

*

Vienna, 19 Januari 2014

Baba,

Mungu akusalimu. Nilimpigia simu Serafin. Kwanza alikata. Nikapiga tena, akasema, "Nani?" Nikasema Burgi. Akasema, "Burgi wetu au yule wa mabango?" Kisha akanionea huruma akaniambia. Kwamba Sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe 6, mlikuwa na watu wanne kwenye lifti. Kwamba ulisimama pale chini siku nzima na lile daftari kwapani.

Kwamba Mieke alikuandikia.

Serafin alinisomea barua ya Mieke, uliyoiacha mezani kwake. "Mpendwa Gebhard, mwaka huu tunajaribu Gamskopf kwa sababu theluji ni ya uhakika, na wana mambo yale yale kabisa, hata supu. Tunakusalimu sana."

Yale yale kabisa. Baba, nijibu hata kwa neno moja baya.

Burgi

*

Vienna, 2 Machi 2014

Baba,

U mzima? Serafin hapokei simu tena.

Burgi

*

Unterau, mita 690
28 Aprili 2014

Mheshimiwa Bibi Notburga Fessler,

Nakiri kupokea barua zako nne, pamoja na kifurushi kimoja.

Nakujulisha kwamba baraza la kijiji cha Hinterlahn lilikutana tarehe 31 Machi na kuamua kuifunga lifti. Kwa kuwa goti halinipandishi tena ngazi, nimehamia kwa Bibi Hedwig Fessler, hapa Unterau. Anwani iko juu ya bahasha.

Mwaliko wa Gamskopf nimeukataa kwa barua tofauti.

Uliomba nikujibu hata kwa neno moja baya. Nimefikiri kwa utaratibu na naona kwamba sina. Nilieleza kwa miaka arobaini kwamba anayeogopa anampenda mtu aliyemwinua. Nilikosea. Anaipenda supu, na kuitwa kwa jina, na hivyo vinaweza kufanywa na mtu yeyote kwa yeyote. Ulilijua soko kuliko mimi. Pongezi.

Kwa heshima,
G. Fessler

*

Hinterlahn, 28 Septemba 2014

Baba yangu,

Mungu akusalimu. Natumaini u mzima, na kwamba shangazi Hedwig hakupikii kabichi kila siku.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za nyumba yangu. "Mheshimiwa Bibi." Nilitazama bahasha kama imekosea mlango. Ungeniita mwizi ningelia nikamaliza. Neno lile sijui pa kulipeleka.

Kazi nimeacha. Sisemi ili unisifu, nakuambia tu ilivyo. Nimekaa kwa Serafin wiki mbili. Siku ya kwanza aliniwekea sahani akaondoka. Siku ya tatu akasema, "Unakula kama baba yako, unaeleza kila tonge." Nikajua ameanza kunivumilia.

Kibao cha mita elfu kilikuwa kimeanguka mtaroni. Nimekiinua, nimekiosha, nimekipigilia mahali pake. Rangi sikugusa, ni maandishi yako.

Kamba itashushwa Jumamosi tarehe 18 Oktoba. Serafin anasema atakuja kukuchukua ukitaka. Mimi sitakuwepo, ili usinikute bila kupenda. Nitarudi Vienna kesho kutwa. Ukitaka niwepo, neno moja tu kwa Serafin, nitapanda treni usiku huo huo.

Binti yako, ukiruhusu,
Burgi

*

Unterau, mita 690
18 Oktoba 2014

Mheshimiwa Bibi Fessler,

Nimepokea barua yako ya tarehe 28 Septemba. Nakujulisha kwamba leo asubuhi Bwana Serafin Kröll atanichukua kwenda Hinterlahn kushuhudia kamba ikishushwa. Kama ulivyoona, sikutuma neno la kukuita. Afya yangu ni ya kuridhisha.

Gari limefika. Nitaimalizia barua hii baadaye.



Burgi,

Naandika kibandani. Penseli ni ile ya daftari, niwie radhi kwa mwandiko.

Njiani Serafin aliona karatasi magotini mwangu. Akasema, "Mwalimu, unamwandikia nani?"

Nikasema, "Bibi Fessler."

Akasema, "Bibi Fessler yupi? Hedwig tumemwacha jikoni, na mkeo tulimzika."

Niliikunja karatasi. Tulipofika kwenye kona akasimamisha gari katikati ya barabara, pale pale kwenye kibao, akazima injini. Nyuma yetu lori la maziwa likapiga honi. Serafin akasema, "Juu ya mita elfu, Gebhard. Desturi ni yako. Unamwandikia nani?"

Nikasema, "Burgi."

"Haya," akasema, akawasha gari.

Umekipigilia kibao vibaya. Kimeinama upande wa kushoto. Nilimwambia Serafin akiache hivyo.

Wamekuja mafundi wawili kutoka bondeni. Mmoja aliponiona akanivulia kofia, akauliza, "Gebhard, mimi zilikuwa ngapi?" Nikafungua daftari. Kumi na nne, Februari 1996. Akacheka, kisha akapanda nguzo kwenda kukata. Kamba ilishuka bila kelele, nilidhani itapiga kelele. Ililala kwenye majani, kwa sababu theluji hakuna. Hapo ulisema kweli, na nakiri bila kinyongo: mwaka huu pia ni mvua.

Kisha nikiwa peke yangu nilifungua ukurasa wako. Nilikuwa sijaufungua miaka mingi. Niliandika hivi: "Notburga, miaka mitatu na nusu, 27 Desemba 1985. Alianguka mara kumi na moja. Hakulia hata mara moja alipoanguka. Alilia mara moja tu, nilipomwinua."

Nilikuwa nimesahau, ingawa Januari ile nilikuandikia kwamba ulikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyesema wapo ambao mtu hawagusi, anahesabu mpaka tano na kungoja. Nawe ulikaa Vienna ukihesabu, toka Machi mpaka Novemba, na mimi nikahesabu mpaka Aprili. Hatukujua nani ameanguka.

Sijakusamehe. Nakueleza ilivyo, kwa sababu hatukuzoea kudanganyana, au mimi sikuzoea. Nikipita kituo cha treni bado nageuza uso. Siwezi pia kukuahidi kwamba itapita, mimi ni mzee na mambo yangu yanachukua muda mrefu. Lakini nimekaa humu saa nzima nikitafuta jina lingine la kukuita nikiwa huku juu, na silipati. Lipo hilo moja. Mama yako ndiye aliyelichagua.

Daftari nimeliacha kwenye rafu, juu ya jiko. Ni lako. Kurasa nane za mwisho hazina kitu.

Serafin anapiga honi, anaogopa ukungu. Kibao kiko dakika kumi na mbili kutoka hapa, na najijua: nikikipita utakuwa Bibi Fessler tena. Kwa hiyo sishuki na barua hii. Naifunga hapa hapa, naitia kwenye sanduku la posta mlangoni pa Serafin, ikusafirie yenyewe.

Kula vizuri. Lala vya kutosha.

Baba yako